Yule Mwanamke wa Kwenye Simu

Jumamosi ya mechi jiji zima la Omaha huvaa nyekundu, rangi ya timu yao. Katika supamaketi ya mtaa wa Vinton watu walijaa mpaka mlangoni, kofia nyekundu, makoti mekundu, hata vichanga vimevalishwa soksi nyekundu, na kila mmoja anatafuta kitu kilekile: nyama ya kusaga, maharage ya kopo, na mikate ya mdalasini ya kulia chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage. Katikati ya wekundu huo alisimama mwanamke mmoja wa kijani. Alikuwa Renata Sedlacek, mrefu, mwenye nywele za rangi ya shayiri alizozibana kwa penseli, na koti la sufu la kijani aliloachiwa na shangazi yake. Hakuvaa hivyo kwa ubishi. Alisahau tu kwamba kuna mechi.

Alimwambia muuza mikate, "Naomba sita, kama imebaki."

Nyuma yake chupa ilianguka ikapasuka. Renata aligeuka. Mwanamume mwenye mabega mapana na ndevu zilizopunguzwa vizuri alikuwa amesimama katikati ya sosi ya nyanya, imemrukia mpaka kwenye suruali. Hakuitazama chupa. Alikuwa akiutazama mdomo wa Renata.

"Samahani," alisema. "Tumeshawahi kuonana?"

"Sidhani."

"Basi nimekusikia. Mahali fulani nimekusikia."

Renata akacheka, maana hilo alilizoea. Kazi yake ilikuwa kurekodi sauti. Yeye ndiye aliyewaambia watu wa benki wabonyeze moja kwa salio, na ndiye aliyetangaza ghorofa katika lifti za nusu ya majengo ya katikati ya jiji. Alipomweleza hivyo, yule mwanamume naye akacheka, ila kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la swali la jirani yake.

"Ni lifti basi," akasema. "Mimi ni fundi wa lifti. Umenipigia kelele kichwani miaka yote hii."

"Na wewe umenifungia milango miaka yote hii."

"Nikufungulie mmoja leo, nikupeleke ukale chili yenye moto?"

Jina lake Wendell Haskin. Aliinama akasaidia kufuta sosi sakafuni, akamwomba radhi mfanyakazi wa duka, na akabeba mikate ya Renata mpaka kwenye gari kama mtu aliyebeba mayai.

Penzi lilianza hivyo, na lilianza vizuri. Jumapili Wendell alikuja na maandazi ya Kicheki yenye jamu ya plamu, kwa sababu aliambiwa kwamba ukitaka kumpata binti wa kina Sedlacek pitia tumboni. Walitembea kando ya mto Missouri wakiwa wamejifunga skafu moja, na Wendell alimtania kwamba anatembea kama mtu anayetangaza kituo kinachofuata. Renata alimjibu kwamba yeye ananuka grisi hata akitoka kuoga. Aliipenda harufu hiyo kiasi kwamba alianza kulala na fulana yake.

Jambo moja tu lilikaa vibaya. Wendell hakupokea simu.

Akipigiwa na Renata aliiacha ilie mpaka ikatike, kisha akatuma ujumbe: niko juu ya lifti mpenzi, nakuja. Na kweli alikuja, hata kama ni kuvuka jiji zima kwenye theluji, ili tu asikie ana kwa ana kile ambacho angekisikia kwenye simu kwa dakika moja. Mara ya kwanza Renata aliona ni mahaba. Mara ya kumi alianza kununa. Siku moja alimpigia kwa simu ya ofisini, namba ambayo Wendell hakuijua, naye akapokea.

"Mpenzi, umekula?" Renata aliuliza.

Alichosikia ni pumzi, fupifupi, kama za mtu aliyetumbukizwa kwenye maji ya baridi. Kisha simu ikakatwa.

Jioni alimbana. Wendell alikaa ukingoni mwa kiti akisugua mikono.

"Usinicheke," alisema. "Ukiwa mbele yangu ni wewe. Ukiwa kwenye simu ni mwingine."

"Mwingine nani?"

"Sijui. Kama kuna mwanamke amekaa nyuma yako anaisubiri zamu yake."

Walicheka wote wawili, lakini Renata alijikuta amegeuka kutazama nyuma ya kochi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na pazia na taa.

Ikafika Machi. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kabla ya saa sita mchana, ving'ora vya kimbunga hujaribiwa Omaha nzima, na hakuna anayeshtuka. Watu huendelea kukata kitunguu. Siku hiyo Renata alikuwa amesimama bafuni na kipimo cha mimba mkononi pale ving'ora vilipoanza kulia. Sauti ilipanda polepole kutoka kusini, ikaingia kwenye mabomba, ikatetemesha kioo. Kipimo kilionyesha mistari miwili. Na ndani ya mlio ule, wazi kabisa, Renata alisikia mwanamke akisema: Tafadhali sikiliza ujumbe huu mpaka mwisho.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa yake.

Miaka minne nyuma aliitwa kusoma ujumbe wa kliniki moja ya jijini, inayotoa mimba. Sheria ya jimbo inataka mwanamke aelezwe hatari zote angalau saa ishirini na nne kabla ya kutolewa mimba, na wengine walikuwa wakielezwa kwa ujumbe uliorekodiwa. Studioni walikuwepo watu wawili wa kliniki, wakibishana kwa upole wa watu waliokwisha kubishana sana. Muuguzi alitaka Renata asome kwa kasi ya kawaida, kwa sababu wanaosikiliza wana hofu tayari. Mwanasheria alitaka asome taratibu na akimaliza aache kimya kizuri, ili mtu yeyote asije kusema kliniki imewaharakisha wanawake. Mwanasheria alishinda. Renata akasoma: maambukizi, kutokwa na damu nyingi, mji wa uzazi kutoboka, matatizo katika mimba zijazo, utasa. Kisha akakaa kimya mbele ya kipaza sauti mpaka fundi wa studio alipompungia mkono. Akaondoka, akaenda kununua viatu. Hakuwahi kuipigia ile namba kusikia kazi yake.

Lakini kuna siku wazo lilimjia ghafla: hivi sasa nakula, na wakati huohuo kuna mahali namwambia mtu habari za damu. Nambusu Wendell, na kuna mwanamke ameniweka sikioni analia. Alilifukuza. Sasa, pale bafuni, lilikuwa limerudi na mizigo yake, limekusudia kukaa.

Alitaka kumwambia Wendell ana kwa ana. Alishindwa kusubiri. Alipiga, akatuma ujumbe wa kumwomba apokee japo mara hii moja, akapiga tena. Wendell akapokea. Renata aliogopa sana, na mtu akiogopa hushika kile anachokijua. Sauti yake ikateremka yenyewe, ikawa taratibu, tambarare, safi, ile ya studioni.

"Wendell," alisema. "Nina mimba. Tafadhali nisikilize mpaka mwisho."

Upande wa pili kulikuwa na mlio mdogo wa koo. Halafu akakata.

Wendell hakupiga wala hakuja siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Renata alijiambia maneno ambayo kila mwanamke aliyekatiwa simu hujiambia. Alikunja ile fulana akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. Alipoosha vyombo, yule mwanamke alikuwa akizungumza ndani ya maji. Kila alipotaka kujiuliza anataka nini, kabla hajajijibu, mwanamke yule alikuwa ameshaanza: maambukizi, damu, utasa. Hakusema uongo. Hakusema kingine pia.

Akapigia kliniki kuomba miadi. Msichana wa mapokezi alimpangia Ijumaa ya wiki iliyofuata, akamwambia kwa upole kwamba kabla ya hapo ni lazima apige namba fulani asikilize ujumbe.

"Naujua kwa moyo," Renata alisema. "Ule ujumbe ni mimi."

"Hata kama, dada yangu," msichana akasema. "Sheria haina habari ni nani."

Basi akapiga. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali la majira ya baridi limejaa jikoni, kila kitu kinaonekana, hata vumbi. Simu iliita mara moja. Na yule mwanamke akapokea, kijana kuliko yeye, mtulivu, asiye na hatia, akamwomba asikilize mpaka mwisho.

Renata alisikiliza akiwa ameshika meza. Aligundua kwamba midomo yake inafuata maneno, na kwamba yule wa kwenye simu yuko mbele yake kwa nusu pumzi, kama ndiye anayemsemesha. Likaja neno la utasa. Kikaja kimya. Ndani ya kimya kile alijisikia akivuta pumzi, pumzi ya miaka minne iliyopita, ikaingia, ikatoka. Kikaendelea. Kidole chake kilikuwa tayari kimeelekea kwenye kitufe cha kukata, na kingekata, kama mkono usingekuwa umekufa ganzi.

Kisha mzee mmoja akakohoa.

"Mimi ni daktari," alisema mzee kwenye simu. "Haya uliyoyasikia yapo, lakini huwapata wachache sana. Mimba ikitolewa mapema na kwa usalama, si jambo la kawaida mwanamke akashindwa kuzaa baadaye. Kubeba mimba na kuzaa nako kuna hatari zake, na ni haki yako kuzijua. Ukiwa na swali lolote, bonyeza sifuri, utaongea na mtu."

Renata alibaki ameshika simu. Hakuwahi kujua kwamba kuna mzee.

Mlango uligongwa kabla hajaweka simu mezani. Alikuwa Wendell, ndevu hazijakatwa, koti limefungwa vifungo vibaya. Renata alisimama mlangoni bila kumpisha.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukwambia nilipokusikia."

"Ungeniambia kwenye simu."

"Stahili yangu," alisema Wendell. "Niseme hapa hapa nje?"

Alimpisha. Wendell hakukaa. Alieleza akiwa amesimama na kofia mkononi. Ana dada mdogo anayeitwa Joleen, anayeosha na kunyoa mbwa wa watu. Miaka minne iliyopita Joleen alikuwa na mimba asiyoitaka, na hakuwa na wa kumsindikiza isipokuwa kaka yake. Walipiga ile namba wakiwa kwenye gari, wakaweka spika. Mwanamke akataja yote yale kwa sauti nzuri mno, akanyamaza. Joleen alisubiri kidogo akakata. Akasema, basi, ameshamaliza. Kesho yake alikwenda, na mambo yakaenda salama. Lakini tangu hapo kila akiumwa tumbo anajua ni lile tundu la mji wa uzazi. Mwaka jana alipata mchumba, fundi bomba, mtu mwema. Akamrudishia pete. Hakutaka kumpa nyumba isiyo na watoto, na hakutaka kumwambia kwa nini. Kwa daktari hajaenda, anaogopa atakachoambiwa.

"Nilimchukia yule mwanamke," alisema Wendell. "Sikujua jina wala sura. Nilikuwa nikiendesha gari namtukana. Na kumbe nampikia chili."

"Nilisoma nilichopewa."

"Najua."

"Hakuna neno la uongo hata moja, Wendell."

"Ningejua ni uongo ningepata usingizi."

Renata alikaa chini. Alimuuliza kitu kimoja tu: baada ya kimya, walimsikiaje daktari?

"Daktari gani?" alisema Wendell.

Walikwenda kwa Joleen saa hiyo hiyo. Walimkuta nyuma ya nyumba yake na aproni ya mpira, mwembamba, macho makubwa kama ya kaka yake, anamkausha mbwa mweusi wa jirani. Wendell alimweleza mgeni ni nani. Joleen hakupiga kelele. Alimtazama Renata kuanzia viatu mpaka penseli ya nywele.

"Nilidhani una nywele nyeusi," alisema. "Miaka yote nilikuona una nywele nyeusi."

Renata alimwambia kwamba kuna kipande hakukisikia. Joleen alisema hataki kusikia chochote kutoka kwake. Halafu akafuta mikono, akaingia jikoni na mbwa nyuma yake, akakaa mezani, na Wendell akaweka simu katikati, spika wazi, akapiga.

Ile sauti ikajaa jikoni. Renata alikuwa amekaa mdomo umefungwa, na sauti yake inazungumza. Joleen hakuitazama simu. Aliitazama midomo ya Renata isiyocheza. Mbwa alielekeza masikio kwenye simu, kisha kwa Renata, kisha kwenye simu. Alianza kulia kwa chini, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, na hakutoka hapo.

Likaja neno la utasa. Kikaja kimya. Joleen alinyoosha mkono kukata, kama alivyofanya siku ile, na Renata akaudaka. Vidole vya Joleen vilikuwa bado na unyevu wa mbwa.

"Subiri, wifi," alisema. "Nakuomba. Subiri."

Walisubiri wote watatu. Wakasikia pumzi ikiingia, ikitoka. Mzee akakohoa.

Mzee alipomaliza, Joleen aliomba irudiwe. Ilirudiwa. Mara ya pili alifumba macho tangu mwanzo, na kwa daktari akafungua.

"Sijutii nilichofanya," alisema hatimaye. "Hilo mlijue wote wawili, msije mkanionea huruma ya bure. Ningefanya tena. Lakini mlinipa nusu. Nimekaa na ile nusu miaka minne, nikamfukuza mtu kwa ajili yake."

Renata hakujitetea. Alisema samahani, kwa sauti iliyopasuka, isiyofaa kurekodiwa. Joleen alimwangalia tumbo.

"Na wewe una mimba, nasikia. Utafanyaje?"

"Nina miadi Ijumaa."

"Sijauliza miadi. Nauliza utafanyaje."

Wendell akafungua mdomo. Dada yake akamwambia aende nje akamtazame mbwa mwingine, na alipokumbusha kwamba hakuna mbwa mwingine, akamwambia aende hivyo hivyo.

Renata alisema hajui. Alisema kwamba kila akijiuliza, anajibiwa na yule wa kwenye simu, na kwamba miadi aliichukua kwa hasira ya kukatiwa. Joleen hakumshauri lolote. Alisema tu kwamba yeye angetoa chochote siku ile kupata mtu wa kumuuliza, mtu mwenye masikio, na kwamba sasa amesikia sifuri ipo.

Alhamisi asubuhi Renata alipiga tena, akavumilia mpaka kwa mzee, akabonyeza sifuri. Alipokea muuguzi mwenye mafua. Renata alimuuliza yote: ya kutoa, na ya kuzaa akiwa na umri wake, wachache maana yake wangapi, na nini hakijulikani bado. Muuguzi alijibu alichokijua na kusema sijui kwa asichokijua. Hakumvuta huku wala kule. Mwisho Renata akamweleza juu ya kile kimya, na habari za mwanamke mmoja aliyekata simu ndani yake. Hapo muuguzi akaomba namba yake, amfikishie daktari habari.

Kabla ya saa sita daktari mwenyewe alimpigia. Alisema kwamba alirekodi sehemu yake siku nyingine, nyumbani, na kila alipokagua alisikiliza yake tu. Mwanasheria alisoma karatasi tu. Renata hakusikiliza kabisa. Pale penye kimya kirefu, sauti hizo mbili zilipounganishwa, hakuna aliyewahi kupasikiliza isipokuwa wanawake, na wao walidhani ndivyo ilivyo. Mzee aliuliza kama Renata angekubali kusoma upya, yote kwa pumzi moja. Renata alikataa. Aliomba sauti yake iondolewe. Alisema asome mtu aliye hai, ili akiulizwa ajibu. Mzee alifikiri, akasema wauguzi watalalamika, kisha akasema sawa, sauti yako itaondolewa leo.

Wendell alikuwa nje ndani ya gari lake la kazi, injini inanguruma, vioo vimepata ukungu. Alikuwa hapo tangu saa mbili kwa sababu aliambiwa asiingie mpaka aitwe. Renata alitoka na koti lake la kijani juu ya gauni la kulalia, akapanda, akafunga mlango.

"Nimefuta miadi," alisema. "Nitazaa. Si kwa sababu yule mwanamke alinitisha, maana sasa najua ukubwa wa kila alichokisema. Wala si kwa sababu yako, nilikuwa nimeshakufunga kwenye mfuko wa plastiki. Nimejiuliza nikajijibu. Namtaka."

Wendell aliushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari halikuwa linakwenda popote. Machozi yalimtoka akayaacha.

"Na mimi?"

"Wewe uliniacha siku tatu nikiwa na jambo kama hili. Ulikuwa na sababu, lakini siku tatu ni zako."

"Ni zangu," alikubali. "Sina pete. Nina grisi mpaka kwenye kucha. Nioe hivi hivi, Renata."

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe."

"Basi nikuoe."

Alimpangusa machozi kwa mwisho wa skafu, akamwambia ndiyo, kwa sauti ya kukwaruza ya mtu aliyelia na asiyelala. Wendell alimbusu kwenye paji la uso, kisha akarudi nyuma akamchungulia, kama mtu anayekagua chumba kabla hajaingia.

"Na yule mwingine?"

Renata alitega sikio, kwa mazoea tu, akingoja yule wa kwenye simu aanze. Alisikia tu feni ya joto ikipuliza, na tumbo la Wendell likilalamika njaa.

"Twende tukale," alisema.